Gauni Lililoungua kwa Shangazi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko nyuzi za kibweta changu. U hali gani? Mgongo wa shemeji umetulia? Sisi wazima, namshukuru Mungu, ila macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano mpaka yabembelezwe.

Cherehani ya marehemu mama, fungu lako la urithi ulilonitumia, ilifika salama. Uliandika kwamba kwako inakula vumbi tu, kwa kuwa hukushika tena uzi tangu utoke kwenye ushonaji wa shangazi, tulikofanya kazi sisi sote wawili. Sasa nimefungua chumba changu cha kushonea, na wateja hawakauki. Kila nikikanyaga pedali nakuombea dua.

Halafu, usinicheke, nasoma Kiingereza, darasa la watu wazima. Juzi mwalimu alitufundisha msemo wao wa kufungua ukurasa mpya, akataka tuutumie. Nikasimama na kiherehere changu, nikasema nimefungua ukurasa mpya kwa kuwa nimefungua chumba cha kushonea. Akasema hapana mama, kazi mpya peke yake haitoshi. Waingereza husema hivyo juu ya mtu aliyeacha ubaya wake akashika mwenendo mwema. Akaniuliza kwa utani nimeacha ubaya gani. Fundi viatu wa dawati la nyuma akadakia kwamba labda nimeacha kuiba vitambaa vya wateja. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikakaa, nikafunga daftari langu.

Mdogo wangu, lile gauni la bibi harusi lililoungua kwa shangazi, ukafukuzwa kazi unalia, hukuliunguza wewe. Ni mimi. Niliacha pasi juu yake nikakimbilia dirishani kuchungulia ugomvi wa majirani. Shangazi alipokushika wewe, nilinyamaza. Miaka ishirini na sita nasali kila siku, na hilo silitamki.

Jumamosi nilikwenda kwa shangazi nikamweleza yote. Akasema nikuombe radhi na kwa niaba yake, maana hajui aanzie wapi. Hata mimi sikujua, ndiyo maana nimeanza na mgongo wa shemeji.

Cherehani nimeifuta na kuitia mafuta. Ukisema irudi, itarudi wiki hiyo hiyo, na bado nitakushukuru. Ukisema ibaki, nitumie vipimo vyako nikushonee gauni jeupe, na pasi nitaisimamia mwenyewe mpaka ipoe.

Wabusu watoto. Mungu akuzidishie moyo huo aliokupa.

Nduguyo anayengoja jibu,
Dada Uzi