Hatua Nne Kutoka Kaburini

Jumamosi, Bweri, Musoma

Marwa, huna haya wewe. Umewakodisha wachimba dhahabu kiwanja alicholala baba yako, halafu mama yako mzee umemwachia shimo mlangoni.

Toka Musoma hadi Buhemba nilikuwa nacheka peke yangu kwenye gari la mjukuu wangu Neema. Nilimbebea rafiki yangu Nyangeta, mama yake Marwa, sato waliokaushwa, alikuwaga anawapenda tangu tukiwa wasichana. Nilijua leo nitarudi naye, tumalizie uzee wetu huku kwangu.

Nimekuta shimo limebakiza hatua nne kulifikia kaburi la mume wake. Yeye amekaa hapo na fimbo, anawafokea wachimbaji.

Nikamwambia, "Panda gari twende. Nyumba itakuangukia."

"Bhoke, nikitoka leo, kesho wanamfukua mzee. Wewe wa kwako ungemwacha?"

Samaki nimemwachia, nimerudi na kiti kitupu. Sasa mawingu yamejaa, na ule udongo ukilowa...

Neema akiamka afunge godoro langu juu ya gari, anirudishe Buhemba. Na asiniulize narudi lini.