Nati za Gurudumu la Kushoto

Habineza Swaibu,
Kamembe, Rusizi.
14 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nshuti,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tabora, wewe, shemeji na watoto. Umutoni, binti yangu, huongea na binti yako kwenye simu, naye ndiye aliyeniambia kwamba mwezi wa Ramadhani ulilala na homa siku sita. Umepona kabisa? Unakula? Usinijibu kwa mkato kama kawaida yako, nataka kujua.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mzee ametimiza miaka themanini na tatu. Jicho moja limezimika, la pili linaona vivuli tu, lakini masikio ni yaleyale na ugomvi ni uleule. Asubuhi anakunywa chai vikombe viwili, kisha anatafuta mtu wa kugombana naye, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Mgongo wangu unauma kidogo kwa kulala chini ya magari. Zaidi ya hapo sina la kulalamika.

Utashangaa kwa nini nimeandika karatasi wakati dunia nzima ina simu. Umutoni amenicheka wiki nzima. Lakini ulijitoa kwenye kundi letu la familia na sikulaumu, na haya ninayotaka kukueleza si ya simu. Ningepiga, ungekata, na mimi ningefurahi moyoni kwamba umekata. Karatasi haikatiki. Nimempa mama mmoja anayeuza vitenge mpaka Kigoma, ameahidi kuifikisha kwa treni.

Habari ya kwanza ni kwamba gari la Mzee limepona. Ndiyo, ile pikapu, Land Cruiser ya mwaka sabini na mbili, uliyoiacha imekaa juu ya mawe nyuma ya jiko. Mwezi wa Machi wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mizani yao, na Mzee alikuwa karibu kukubali. Nikasema hapana, nitaitengeneza mwenyewe, tutaikodisha kwa maharusi na wageni wanaokuja ziwani. Watu wote walinisifu kwamba nampenda baba yangu. Sababu hasa nitakueleza, nivumilie kidogo.

Sakafu ya kabini ilikuwa imeoza, ukikanyaga unaona nyasi. Kuku walikuwa wakitaga chini ya usukani. Nilikata mabati mabovu, nikachomelea mapya, nikarudisha rangi ileile ya buluu. Injini haikunisumbua kama nilivyoogopa. Taa za mbele zilinisumbua sana, lakini hayo hayakuhusu.

Kazi kubwa ilikuwa magurudumu. Mzee alitoa sharti moja: gari lirudi kama alivyolinunua, na rimu nyeupe za chuma na kofia nne za kromu za kufunikia nati, zenye herufi nyekundu. Mimi nikajifanya mjanja, nikaleta rimu za alumini zinazong'aa, nikijua haoni. Akainama, akazipapasa, akazigonga na fimbo.

"Hii ni sufuria," akasema. "Uirudishe kwa mwenye kuipikia."

Nikavuka mto Rusizi kwenda Bukavu mara tatu, nikachimbua yadi moja baada ya nyingine, mpaka nikapata rimu tano za wakati uleule, zimeliwa na kutu lakini hazijapinda. Nilizipiga msasa na kuzipaka rangi. Mzee akazigonga akasema, "Hii njo yenyewe," akaenda kuswali.

Kofia mbili zilikuwa chini ya kiti cha gari. Ya tatu niliipata kwa jirani yetu Maman Thacienne. Unakumbuka mkate wake wa mchele, ambao ulikuwa ukiumega kingo kabla haujapoa? Mfuniko aliokuwa anaweka makaa juu yake ndiyo kofia ya gurudumu letu, marehemu Maman wetu ndiye aliyempa. Nilimtengenezea mfuniko mwingine wa bati zito. Sasa anaeleza mtaa mzima kwamba mkate hauivi vizuri tangu Habineza amwibie chombo chake.

Ya nne ilibaki Gashonga, siku ya ajali.

Nshuti, nimeandika ukurasa mzima wa mikate na rimu kwa sababu naogopa kufika hapa. Sasa nimefika.

Wiki moja kabla ya ajali, Oktoba 2002, Mzee aliniachia gari nitie grisi kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Alishatufundisha wote wawili kwamba kwenye gari lile nati za upande wa kushoto zina meno ya kinyume, ukitaka kufungua unazungusha kulia, ukitaka kukaza unazungusha kushoto. Mimi nilikuwa nimejifunza ufundi miezi minane na nilijiona mkubwa kuliko gereji. Nilikuwa na haraka. Nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikavuta kwa nguvu upande wa kawaida, na nikakata bolti tatu kati ya sita.

Nilimwogopa Mzee, unamjua. Nikanunua bolti tatu za kawaida na nati zake, nikazipachika, nikakaza kila moja kwa upande wake. Tatu zilikazwa kushoto, tatu kulia, kwenye gurudumu moja. Halafu nikabandika kofia ya kromu juu yake na zote sita zikafichika. Sikumwambia mtu.

Tairi la gurudumu hilohilo lilipopasuka Gashonga, ukiwa na Mzee, gari limejaa mihogo, wewe ndiye uliyebadilisha gurudumu kwenye mvua. Kwenye mteremko likachomoka, gari likaingia mtaroni, Mzee akavunjika nyonga. Mwezi uliofuata alikuja pale stendi ya pikapu na magongo yake, akawaambia madereva wote kwamba Nshuti ameharibu nati na hatagusa tena gari lake. Wewe ukasema nati zilikuwa za namna mbili. Akakuuliza mbele yao, wapi uliona gurudumu la nati za namna mbili? Wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la dizeli, spana mkononi. Nilijua kwamba unasema kweli na nikafunga mdomo.

Kabla ya mwaka kuisha ukaondoka. Maman alipofariki ulikuja, ukazika, ukarudi jioni ileile bila kuingia ndani. Niliona. Kwa miaka yote hii nilijidanganya kwamba labda kweli ulikosea kukaza, kwamba bolti zangu si sababu. Na wanunuzi wa chuma walipokuja, nilikataa kwa sababu walitaka kulifungua gari palepale uani mbele ya Mzee. Nilitaka kulifikia lile gurudumu kabla ya mtu mwingine. Bolti zangu tatu zilikuwa bado zipo, nzima. Tatu za asili zilikuwa zimekatika. Nilizing'oa zangu, nikazitia mfukoni mwa ovaroli, nikaweka mpya sita za meno ya kinyume. Mambo yangeishia hapo, kama Mzee asingetaka kofia ya nne.

Alilazimisha twende wote Gashonga. Tuliuliza nyumba kwa nyumba chini ya ule mteremko mpaka tukaelekezwa kwa Maman Emerance, mjane mwenye shamba la mihogo. Amekulia Kamanyola, Kiswahili chake ni kama chetu. Tulipotaja gurudumu, aliingia ndani bila kuuliza swali, akatoka na kofia. Alikuwa anapimia maharage. Ilikuwa safi kuliko zote.

"Gurudumu ilishuka mu shamba yangu, ikavunja mihogo mistari miwili," akamwambia Mzee. "Benyewe bakabeba gurudumu, bakasahau hii. Na ndani mulikuwa nati tatu. Nilibichunga byote, nikasema siku moja batakuja kuulizia."

Akaziweka zile nati tatu kwenye kiganja cha Mzee. Mzee alishukuru, akamlipa mihogo yake ya mwaka ule ingawa mama wa watu alikataa mara mbili, tukaingia kwenye gari nililoazima. Njia nzima alizizungusha zile nati kwenye vidole vyake, akipitisha ukucha kwenye meno. Tulipofika Nyakarenzo akasema nisimame.

"Hii ni ya kuume," akasema. "Ilikuwa inafanya nini ku gurudumu ya kushoto?"

Ningeweza kudanganya. Neno la uongo lilikuwa tayari limekaa mdomoni. Lakini nilichoka, Nshuti, nilichoka kweli. Nikatoa bolti tatu mfukoni nikampa. Akaichukua moja, akaipandisha nati, ikaingia kwa ulaini mpaka mwisho, upande wa kawaida. Nikamweleza yote kuanzia bomba refu mpaka pipa la dizeli.

Nilitegemea fimbo. Badala yake akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Nshuti hakukwambia nani alikaza mara ya mwisho?"

Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipojua mimi pia, baada ya miaka ishirini na miwili. Ulimaliza kufunga nati zote vizuri, tatu huku na tatu kule. Ukataka kumweleza Mzee kwamba nati ni za namna mbili, akakukatiza kwa sababu ya mvua, akakuambia uingie ndani ya gari. Akachukua spana mwenyewe, akazunguka nati zote sita akivuta kushoto, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kubandika kofia. Tatu alizikaza. Tatu zangu alizilegeza kwa mkono wake.

"Njo mimi niliilegeza," akasema. "Na sikuambiaka bantu kama mukono wa mwisho ulikuwa wangu. Ule mutoto alijua. Angelisema neno moja tu pale ku stendi, mimi njo ningelichekwa. Hakusema."

Basi, mdogo wangu, nilimwona baba yetu akilia ndani ya gari la kuazima, na sina la kuongeza hapo.

Tulipofika nyumbani alitoa amri. Uliaibishwa mbele ya watu, utasafishwa mbele ya watu. Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala, niliwasha pikapu, kofia nne zinawaka jua, Mzee kando yangu amevaa kanzu nyeupe, tukaenda stendi. Kati ya madereva waliokucheka siku ile wamebaki watatu. Mzee Damascène ndiye mkubwa wao, sasa amekuwa kiziwi. Nilisimama katikati nikasema makosa yangu yote. Nilipomaliza, Damascène akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa nguvu, sisikie muzuri!"

Nikarudia toka mwanzo kwa kupiga kelele. Mara ya pili walikuwepo hata wauza sambusa na abiria wa Bugarama. Nadhani Mungu alipanga hivyo. Kisha Mzee akashuka, akaegemea mlango, akasema ya kwake, mafupi, kuhusu mkono wa mwisho. Hakuna aliyecheka. Damascène alivua kofia yake na akauliza anwani yako.

Mimi nakuomba msamaha. Sitaki kuupamba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu siku ile kwenye pipa la dizeli, lakini leo nina arobaini na mitano, na miaka yote hiyo katikati nilikuwa mtu mzima anayejua anachonyamazia. Nilikula sahani yako mezani kwa Maman. Alikuwa akiuliza, "Nshuti yangu anakula nini huko?" nami niliinama kwenye wali. Usiponisamehe nitaelewa, na nitaendelea kukuita mdogo wangu.

Sikuombi uje. Usidhani barua hii ni kamba ya kukuvuta. Mzee naye amenikataza kuandika neno "rudi". Ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema, akanifanya nimsomee mara tatu kuhakikisha sijayanyoosha. Ni haya:

"Nshuti, mutoto wangu. Ulisema kweli, na mimi nikakuita muongo. Ulinifichia haya mbele ya bantu, na mimi nikakutupia yako. Mikono yako ilifunga muzuri. Ni yangu njo ilifungua. Papa yako."

Msalimie sana shemeji, na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Maman Thacienne anakusalimu, anasema kingo za mkate bado ni zako hata kama hauivi. Umutoni anasalimu. Damascène anasalimu kwa sauti kubwa. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na riziki, na akulipe kwa kile ulichokinyamazia kwa heshima, tofauti na mimi niliyenyamaza kwa woga.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Habineza