Mlango wa Makomeo Matatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshona sketi sita za shule. Ya saba nimeiharibu, nilikuwa nakata huku nasikiliza simu. Mama kapiga kutoka Kiloleli. Siku ya tatu sasa watu wanapita mbele ya nyumba yake hawamsalimii. Hata ile "mwangaluka" ya asubuhi hakuna. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, halafu akaniuliza kama Bariadi kuna upepo.

Kwa jirani yake, mama Lugisi, wamekufa maksai wawili ndani ya wiki moja. Na mama yangu ana macho mekundu. Miaka yote hiyo anapikia mabua ya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yangekuwaje? Lakini najua kwetu wanasema nini juu ya bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake. Wakishasema mchawi, najua pia kinachofuata. Naogopa.

Nyumba niliyomjengea ina bati, ina nondo madirishani. Mlango haina. Pesa iliishia kwenye paa, nikasema mlango utafuata. Hapo penye mlango pana kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Mbuzi anaweza kukisukuma akaingia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia mtendaji wa kijiji. Kanisikiliza vizuri. Ataitisha kikao Alhamisi ya wiki ijayo. Wiki ijayo.

Nimemwambia mama aje akae kwangu. Kakataa. Akihama sasa, watasema kakimbia kwa sababu ni kweli. Ana akili kuliko mimi na ni mbishi kuliko mimi.

Shemeji Masanja, mume wa dada yangu, anasema ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, milango ya chuma ni rahisi. Hela ya mlango mtupu hapa Bariadi, kule unapewa na fremu na vitasa. Nimechukua hela ya vitambaa vya sare. Walimu watanisema. Waniseme tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Isebania. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamepangana barabara nzima. Masinki, vigae, mabomba, vyoo vya kukaa vimewekwa juu ya lami kama viti vya harusi. Siku nyingine ningetamani vyote. Leo nimeangalia milango tu.

Nimepata mmoja wa rangi ya kahawia. Makomeo matatu kwa ndani, bawaba nne, na tundu dogo la kuchungulia ambalo muuzaji analiita jicho. Nikamuuliza, mtu akiupiga kwa shoka? Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akanipunguzia bei bila kuombwa.

Masanja ananitania kwamba nimenunua mlango wa benki. Sikuwa na hamu ya utani.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Masanja alitaka tupite njia ya panya, mlango ulazwe juu ya pikipiki mbili. Nimekataa. Ukikamatwa, mama anabaki na kile kibati. Nikaenda dirisha la forodha kama watu wengine. Wakataka risiti. Risiti nimeisahau kwenye kaunta ya duka, mjinga mimi. Nikarudi mbio. Duka limefungwa, mwenyewe kaenda swala ya Ijumaa. Nimekaa kwenye ngazi hadi akarudi. Nilipofika tena dirishani nikaambiwa njoo kesho.

Jioni nimempigia mama. Simu inaita, haipokelewi. Nimepiga mara nane. Hatujala. Masanja anasema labda kalala. Saa kumi na mbili, kalala?

Jumamosi, 9 Agosti

Kapokea asubuhi. Simu ilikuwa dukani inachajiwa. Nimelia kwenye foleni mbele za watu.

Afisa kagonga muhuri. "Mama, mlango mmoja tu?" Mmoja tu, baba. Kanitakia safari njema. Tumepata lori linalorudi tupu Lamadi kuchukua dagaa. Nimekaa nyuma, juu ya mlango wenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Kiloleli. Mlango ni mzito mno. Fundi, Masanja na mimi tumeshindwa kuusimamisha. Ikabidi niende barabarani kuomba wanaume waliokuwa wanatoka misa. Wakaja watano. Mmoja ni baba Lugisi, mwenye wale maksai. Alishika upande wa bawaba. Nilikuwa naangalia mikono yake tu, sikuangalia kingine.

Umesimama. Simenti imeshika. Mama kaleta sinia la michembe, viazi vyake alivyovikausha mwenyewe, na maji ya kunywa. Hakuna aliyegusa. Walitokwa jasho wote, wakaaga, wakaenda kunywa maji nyumba ya pili. Mama kalirudisha sinia ndani.

Sasa ndiyo naogopa kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebaki hapa. Leo bombani wanawake walinyamaza nilipofika. Nilipogeuka na ndoo nikasikia mmoja: bibi kajifungia chuma, anaficha nini humo ndani?

Kwa hiyo nimevuka mpaka kumnunulia mama yangu ushahidi. Nimekasirika hadi mikono inauma. Mama naye kasema tu, "Kabula, maji yanamwagika."

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao. Bwana mifugo kaeleza kwamba ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, na kwamba kuna maksai wengine wamekufa vijiji vya jirani. Mtendaji kaongea kwa ukali juu ya watu wanaonyooshea wazee vidole. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Lugisi alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Sijaamini hata mmoja wao.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama kanishangaza. Asubuhi kaufungua mlango wote, kauegemeza jiwe, kakaa kizingitini na sinia lake. Mwanamke akipita, anaita yeye: mwangaluka, njoo uone mlango wa Kenya. Anawapitisha hadi chumbani, chini ya kitanda, nyuma ya pipa la mpunga, kote. Wanachungulia kwenye lile jicho na kucheka. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, sijui ningeufanyia nini.

Mama Lugisi kaja wa mwisho. "Mwangaluka, mayu." Siku kumi na tano ndiyo leo kamsalimia, na kamwita mama. Kachungulia, kajaribu makomeo. Mama akamsogezea sinia. Akachukua kipande kimoja cha michembe, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Nimemsindikiza kwa macho hadi kona ya mkuyu. Sikumwona akila. Sikumwona akitupa.

Jumatatu, 25 Agosti

Bariadi. Sketi zimebaki kumi na moja, walimu wameshanisema. Upepo ni mwingi leo.

Mama anasema sasa wanamsalimia karibu wote. Mchana anaacha mlango wazi. Jioni tumepatana jambo moja: saa kumi na mbili nampigia, na kabla hatujaagana anasogeza simu mlangoni. Leo pia kasogeza. Nikasikia komeo la kwanza. La pili. La tatu lilichelewa kidogo, linahitaji mafuta, halafu nalo likaingia.

Nikarudi kwenye cherehani.