Moto Uliomchukua Émilienne

Baraka, Fizi
19 Julai 2024

Mpendwa kaka Anatole,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, wifi Vanessa na watoto. Mko salama huko Kanada? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo, magoti bado yanamsumbua, na samaki wa ndagala wameadimika ziwani.

Uliponipigia simu ukauliza mdogo wetu Émilienne amekufa na nini, nilikata simu. Leo nimepata nguvu.

Unajua alikuwa mkunga kule milimani, juu ya Lubondja, katika maternité mpya, nyumba ya kujifungulia. Baridi ya kule inauma mpaka mifupa. Mafundi walitoka huku ziwani, wakaijenga kama wanavyojenga Baraka: saruji, mabati, na matundu mapana chini ya paa ili upepo uingie. Upepo gani tena, kaka? Wamama walijifungua wakitetemeka, na kitoto kimoja kilipoa mikononi mwake kikafa. Émilienne unamfahamu, si mtu wa kukaa kimya. Aliziba matundu yote kwa udongo na plastiki, akaagiza jiko la mbabula na makala, mkaa wetu wa kupikia, kutoka huku chini.

Watu wa kule wanalala na moto wa kuni katikati ya nyumba zao za majani, wala hawafi, kwa sababu hewa mbaya ya moto inatokea kwenye majani ya paa. Walikuwa wanaogopa moshi tu. Makala hayana moshi, basi wote wakafurahi kwamba macho hayawashi tena. Hata Mama alisifu. Kumbe makala yana sumu isiyoonekana, na usiku mmoja ilimuua Émilienne usingizini, nyumba ikiwa imefungwa.

Aliyekuwa amejifungua siku ile anaitwa Nella. Kichwa kilimuuma, akatoka alfajiri na mtoto wake kwenda kwa shangazi yake. Alishuka kwa miguu mpaka kwenye matanga yetu, mtoto mgongoni, akasema akilia: "Mama, mi nilimuacha iko analala. Nilizani ni kuchoka tu." Hakuna aliyemlaumu.

Sasa wamama wa kule wanaikimbia ile nyumba. Na Ketsia, mtoto wangu wa kwanza, aliyemaliza uuguzi, amekubali kushika nafasi ya mama yake mdogo. Nilimkataza. Akanijibu: "Mama, bamama benye kuzala kule ni batu pia." Bibi yake haongei naye. Mimi naogopa, kaka. Namwona anafunga mizigo, natoka nje nalia.

Ninyi mnaishi kwenye barafu, nyumba zenu zimefungwa, na asubuhi mnaamka wazima. Mnafanyaje? Kule milimani umeme hakuna, kuna kuni, mawe na udongo. Fundi Jérémie wa hapa kwetu atapanda pamoja na Ketsia. Mchoree bomba la moshi lipite wapi na tundu gani liachwe wazi, naye atafuata.

Mama anakusalimu, na mama mdogo Godelieve, na Willy aliyepona malaria. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Pole zako nimezipokea, kaka, na za kanisa zima. Zinatosha. Safari hii niandikie tu namna ya kupasha nyumba joto bila kumuua mtoto wangu.

Dada yako akupendaye,
Marthe