Nyumba Inapozimika

Glasgow, 4 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na kikohozi je? Sisi wazima, ila mvua haijatupumzisha.

Nakuja na feri ya Jumanne, tarehe 14. Sikufichi: nataka uhamie kwangu. Chumba kipo, daktari yuko mtaa wa pili. Juzi kwenye simu uliniuliza mama yuko wapi, na ulimzika mwenyewe.

Mwanao,
Marsaili

Kisiwani, 8 Oktoba

Mwanangu Marsaili,

Marahaba. Mguu unauma ukijisikia, kikohozi kimechoka kikaenda zake. Kondoo wananizidi afya.

Njoo, ukae wiki nzima unitazame. Ukiona sijiwezi, nitafunga mzigo bila kelele. Lakini usisahau unakokuja. Umeme wetu ni wa upepo, mto na jua, na kila nyumba ina kikomo chake. Ukizidisha, nyumba inazimika mpaka jirani yangu Murdina, msimamizi wa umeme, aje na ufunguo wake aiwashe. Na huyo mama akija hanyamazi. Kabla ya jioni kisiwa kizima kinajua. Usinitie aibu.

Baba yako

Glasgow, 24 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, isipokuwa tumbo, maana bahari ilinitikisa kweli.

Mara ya kwanza nyumba ilizimwa na mimi, nakubali. Niliwasha hita, birika na mashine ya kukaushia nywele kwa pamoja. Murdina akaingia na koti lake la mvua: "Ee, mgeni wa mjini! Unakausha nywele au unakausha kisiwa?" Nilicheka na nywele zangu mbichi.

Mara ya pili ni wewe. Uliacha viazi kwenye jiko la umeme ukaenda kwa kondoo, maji yakakauka, ukarudi ukawasha birika na hita. Murdina alipoingia alizima swichi ya jiko kwanza ndipo akatusalimu, kama mtu aliyezoea. Nilimfuata nje nikamwuliza. Akasema: "Binti yangu, tangu kiangazi nimekuja sana. Nikiona kwake kumezimika, najua kasahau."

Baba, kutojiweza ndiko huko. Uliahidi. Nitakuja kukuchukua kabla ya mwaka mpya.

Mwanao,
Marsaili

Kisiwani, 2 Novemba

Mwanangu,

Mimi sijambo, sijui nyinyi. Upepo ni mwingi, umeme wa ziada unapasha joto ukumbi wetu wa kisiwa. Jana tulishinda humo tukicheza karata, nikawafunga wote.

Umeshinda. Nasahau. Kuna asubuhi naamka namwita mama yako, kisha nakumbuka. Naogopa, Marsaili, na sijamwambia mtu mwingine. Mzigo nimeanza kuufunga.

Nina swali moja, wala si ubishi. Huku nikisahau, nyumba inazimika na mtu anapiga hodi. Huko kwako, wewe ukiwa kazini, itakuwaje?

Baba yako

Glasgow, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinikasirisha, nikaiweka kando.

Jumamosi niliweka sufuria tupu jikoni, nikawasha na tanuri, birika, hita zote na mashine ya nywele, nikaketi. Hakuna kilichozimika. Sufuria ikaanza kunuka, moshi ukajaa, kengele ya moshi ikalia mpaka masikio yakaniuma. Nikasikia jirani wa mlango unaotazamana na wangu akifungua. Akasikiliza kidogo, akafunga. Tumeishi tukitazamana miaka yote hii na jina lake silijui. Nikainuka nikazima mwenyewe, nikalia.

Fungua mzigo, baba. Nimeongea na Murdina. Atakuwa anapita kwako kila mchana, hata kama taa zinawaka, na amesema karata atakufundisha upya maana unaiba. Mimi nitakuja kila mwezi, bahari itake isitake.

Na siku utakayonisahau mimi, usione haya. Niulize tu, nitakwambia.

Mwanao,
Marsaili