Kwa Saudah, Uliyewaondolea Watoto Hofu ya Hesabu

Mama Nasifah, mwaka umetimia tangu tukuzike hapa Bwera, na bado tumechoka. Tulidhani uchovu ungeondoka pamoja na wageni wa msiba. Haukuondoka.

Ulifundisha hesabu miaka ishirini na mitatu. Wengi hawajui kwamba utotoni uliiogopa. Ulichapwa mbele ya wenzako kwa kukosa saba mara nane, na hata ulipokuwa mtu mzima, ukiona ubao umejaa namba, viganja vilikutoka jasho. Ndiyo maana hukuwahi kushika fimbo darasani.

Shule zilipofungwa wakati wa korona, ulitandika mkeka barazani ukawaita watoto wa jirani. Ulikuwa na vifuniko vya soda, maharage, na maboksi uliyoyakata kwa mkasi wa jikoni. Hata chapati zetu zilipoa huku mwanetu Huzaifa akibishana nawe kama robo mbili ni sawa na nusu. Watoto walicheza mpaka wakasahau kwamba wanasoma.

Si wote waliofurahi. Mzee Eridadi, mkulima wa kahawa, alikuja amekasirika kumchukua mjukuu wake, Medius.

"Mwalimu, mimi nilileta mutoto asome. Sasa iko nacheza tu!"

"Karibu ukae kwanza, Mzee. Hivi ni vifuniko kumi na vitatu. Nipangie safu zinazolingana, ila isiwe safu moja."

Akapanga safu mbili, akapanga tatu, akapanga nne. Kila mara kikabaki kimoja.

"Umenidanganya. Hii moja imezidi."

"Sijakudanganya. Kiondoe, ujaribu tena."

Kumi na viwili vikakubali: safu mbili, safu tatu, safu nne, hata sita. Mzee akavitazama, akarudisha kile kimoja, akaanza upya. "Kumbe kumi na tatu iko kichwa ngumu!" Adhana ya alasiri ilimkuta bado amepiga magoti mkekani. Kesho yake Medius alirudi na mfuko wa vifuniko ambavyo babu yake alimwokotea njiani.

Kisha figo zikaanza kukusumbua. Mimi, Musitafa, mume wako, nilikupeleka Kasese kwa matibabu mara mbili kila wiki, na ulirudi huwezi hata kuvua viatu. Bado Jumamosi uliomba tukutolee mkeka. Siku moja nilikugombeza. Nilisema watoto hao watakumaliza.

"Baba Nasifah," ulinijibu, "nikiwaacha sasa, wataogopa tena."

Nilitoka nje kwa hasira. Neno lako lile nimelirudia moyoni mwaka mzima. Nisamehe.

Nasifah ndiye aliyeshika nafasi yako. Anafanya kazi mjini Hima, na kila Ijumaa jioni anafika hapa amejaa vumbi la barabara, macho mekundu. Mwanzoni walikuja watoto ishirini, baadaye wanane. Jumamosi moja ya mvua hakuja hata mmoja. Aliketi peke yake barazani, akasema, "Baba, mimi si Mama. Nimechoka."

Nilikunja mkeka nikauweka ndani.

Jumamosi iliyofuata Medius alibisha hodi, amekua, amebeba vijiti sita na kidonge cha udongo. "Dada Nasifah, leo nakuuliza mimi. Vijiti hivi sita, nitengenezee pembetatu nne."

Nasifah akavilaza chini hivi na hivi. Alipata mbili. Akavunjika moyo, akaomba aambiwe jibu.

"Siwezi kukuambia," Medius alisema. "Lakini nani amekukataza kusimamisha?"

Nasifah akamega udongo, akalaza vijiti vitatu kuwa pembetatu, akasimamisha vitatu vingine kwenye pembe zake, vikakutana kileleni. Akazihesabu pembetatu kwa kidole: nne. Kisha akacheka, Saudah. Tulikuwa hatujakisikia kicheko chake tangu tulipokuzika.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe mapumziko ambayo hukuyapata hapa.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Musitafa, wanao Nasifah na Huzaifa, dada yako Naswiba wa Kasese, na watoto wote wa barazani.

Siku zote utabaki mioyoni mwetu.