Asante kwa Kura Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka
Jumapili, baada ya chai ya jioni

Mpendwa kaka, kifungua mimba wa mama,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho kimekuacha. Unakula vizuri? Usinidanganye, maana mara ya mwisho ulipopiga simu sauti yako ilikuwa ya mtu anayelala na chai tupu. Wifi naye hajambo? Mtoto wenu meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kibogoyo?

Sisi huku hatujambo kwa kadiri yetu. Dada wa kati bado anafundisha, na bado anasahihisha watu hata wanapomsalimia. Mimi nipo na mashine yangu ya kuchapa mabango. Mgongo unauma, lakini kazi ipo.

Mama yu hai, na ulimi wake u hai zaidi. Bado tunampeleka mji mkubwa mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Tunatoka alfajiri, anaunganishwa na mashine saa nyingi, tunarudi jua linazama, na siku ya pili anashinda amejilaza kama nguo iliyokamuliwa. Akianza kunyanyuka, zamu nyingine imefika. Daktari alituambia waziwazi kwamba figo peke yake angeweza kuishi nayo miaka. Safari ndiyo inayommaliza. Kama mashine zingekuwepo hapa kwenye hospitali yetu, angekwenda kwa miguu na mwavuli wake. Hilo liweke moyoni unaposoma yanayofuata.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekufokea, na mama angesikia.

Juzi uliisambaza ile picha ya mbunge wetu Chiriku amepiga magoti mbele ya mama aliyemlea pamoja nasi, na chini yake ukaandika kwamba huyo ndiye ndugu yetu, na watu wa nyumbani walioko huko wamuunge mkono. Kaka, niliitupa simu kitandani. Nimeshikwa na kinyaa. Si wewe ninayekuonea kinyaa, usinielewe vibaya. Wewe umelishwa tu, na mlishaji anajua kupika.

Kwanza nikuambie jambo la kazi yangu ambalo sijawahi kukuambia. Mheshimiwa wetu ana ujumbe kila asubuhi. Mvua ikizidi, analia nasi. Mitihani ikitoka, anatupongeza. Mtu mashuhuri akifariki, yeye ndiye wa kwanza kuguswa. Mabango ya ujumbe huo nayachapa mimi, na maneno hunifikia kabla ya tukio lenyewe. Msaidizi wake, yule mtu mzima wa suti na simu mbili, aliwahi kunitumia pole ya mafuriko mawingu yakiwa ndiyo kwanza yanakusanyika. Nilidhani ni bidii. Nilimsifu hata kwa mama, kwamba ofisi ya Chiriku haipitwi na jambo.

Basi ulipokaribia mjadala wa ule muswada wa kuweka mashine za kusafisha damu kwenye kila hospitali kama yetu, Chiriku alijaza simu za watu. Alisema figo za wananchi ni figo zake. Alisema mama aliyemlea anateseka na yeye halali. Aliweka hata picha ya kiti cha mama kikiwa kitupu, na sijui aliipata wapi, maana siku hiyo mama alikuwa amekikalia. Mama alifurahi. Alianza kuniuliza njia ya mkato ya kwenda hospitali yetu, kama vile mashine zimeshafika.

Kabla kura haijapigwa, msaidizi akaleta kazi. Bango kubwa lenye uso wa Chiriku anatabasamu, na maneno haya: ASANTE MHESHIMIWA KWA KURA YAKO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Sisi wagonjwa wa figo. Nikacheka. Nikamwambia mama kwamba leo mgonjwa ni yeye lakini shukrani kaandikiwa na mtu mwingine. Mama akasema haidhuru, akipiga hiyo kura hata mimi ningeshukuru hivyo hivyo.

Siku ya kura ilikuwa siku yake ya kupumzika. Nilimlaza kwenye benchi la dukani na mto mgongoni, redio tukaiweka juu ya kopo la wino. Bango lilikuwa limetandazwa sakafuni, nami nimechuchumaa nagongea vile vipete vya kupitishia kamba. Spika akatangaza kwamba kura itakuwa ya kuitwa jina, mmoja mmoja, kila mbunge ajibu kwa mdomo wake.

Hapo, kaka, utakumbuka alichokuwa akifanya mama kila jioni kabla ya kufunga mlango. Anashika komeo, anatuita kwa mpangilio, wewe kwanza na mimi mwisho, na komeo haliingii mpaka kila jina lijibiwe. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mama aliikataza methali hiyo isivuke kizingiti chake. Aliyeko mbali, wa nyumbani ndiye amjibie, na chakula chake kifunikwe. Nawe utakumbuka ulivyokuwa ukitoroka kwenda kucheza muziki, na Chiriku akajibu "nipo" kwa sauti nzito akijifanya wewe. Mama hakudanganyika hata siku moja. Akimbana, Chiriku anaanza kuongea: mara umeumwa tumbo, mara umelala, mara ulikuwepo ila umetoka sasa hivi, mpaka tunacheka na kesi inaisha. Ndivyo alivyolipata jina la Chiriku, na ndivyo alivyoupata ubunge.

Jina lake likaitwa redioni. Nikaacha nyundo.

Akajibu, "Siyo."

Neno moja tu. Mtu ambaye hawezi kuomba maji bila hotuba, siku hiyo lilimtosha neno moja. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamgeukia mama. Mama alikuwa anatazama lile bango, ule uso unaotabasamu sakafuni. Akasema sauti ya mtoto aliyemlea haimpotei, akaniomba nizime redio. Muswada ulianguka, na wala haukuanguka kwa kura nyingi.

Nikampigia msaidizi simu, nikamwambia bango lake halifai tena, aje achukue vitambaa vyake akavitandike bandani kwa kuku. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kula, "Dada, soma vizuri. Bango halisemi kura gani."

Alikuja kulichukua jioni ile ile. Nilisimama mlangoni nimelikunja kwapani, sitoi. Mama ndiye aliyeniambia nimpe, kazi ya watu haizuiwi. Nikampa, akalipakia kwenye gari, na kesho yake lilikuwa limening'inia kwenye ukuta wa hospitali, likimshukuru mtu kwa niaba ya watu.

Hasira haikuniacha. Nikaingia kwenye kumbukumbu za kura za Bunge, ambazo si siri, zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Ila nani anazisoma? Sisi tunasoma ujumbe. Siku aliyolia nasi mafuriko, na bango nikalichapa mimi, alikataa fedha za mifereji. Wiki aliyowakumbatia wenye meza za sokoni, aliunga mkono waondolewe. Kura ya nyumba za walimu hakuwepo kabisa. Siku hiyo alikuwa anapiga picha na mwalimu. Dada wa kati alisoma hiyo ya walimu, akairudia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona kosa la kusahihisha. Alifunga simu akaenda kunawa mikono. Tumenywea kikombe kimoja na ndumilakuwili, kaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa hiyo picha uliyoisambaza. Alikuja wiki iliyopita, bila taarifa, na wapiga picha wawili, na msaidizi akibeba maua ya plastiki. Mama alikuwa ametoka kwenye mashine jana yake, hawezi hata kuketi wima. Msaidizi akaisogeza meza ya dawa ili dawa zionekane, akalivuta pazia ili mwanga uingie. Chiriku akapiga magoti, akaushika mkono wa mama, ule mkono wenye uvimbe wa sindano, akaugeuza kidogo kuelekea kamera. Nilikiona kwa macho yangu hicho kitendo cha kuugeuza. Ndicho kinachonirudia nikifumba macho.

Mama akamwacha amalize kuinama, kisha akamuuliza, "Mwanangu, jina lako lilipoitwa, ulijibu nini?"

Kaka, chemchemi ikafunguka. Akaeleza kwamba chama kilikuwa na msimamo. Akaeleza kwamba muswada ulikuwa na kasoro, na kwamba yeye ataleta wake, bora zaidi, wenye mashine za kisasa. Akaeleza habari za bajeti, na za wafadhili, na kwamba siasa ni mchezo mrefu, na mama awe na subira. Mama mwenye subira kiasi gani tena, mimi sijui. Akaongea mpaka mpiga picha mmoja akakaa chini.

Mama akasubiri amalize. Akasema, "Sikukuuliza sababu. Nimekuuliza ulijibu nini. Ni neno moja."

Hakulisema. Chiriku, bingwa wa maneno, akatazama saa, akambusu mama kwenye paji la uso, kamera ikalia, wakaondoka. Maua waliondoka nayo. Nasikia yalikuwa na kazi kwingine.

Saa moja haikupita, picha ikawa kila mahali. Chini yake: "Mama mlezi wangu ameniambia: mwanangu, usirudi nyuma, endelea kutupigania." Hayo ndiyo maneno uliyoyasambaza wewe. Mama hakuyasema. Alichosema nimekuandikia hapo juu, na shahidi ni mimi na dada wa kati, aliyekuwa jikoni ameng'ata leso.

Nakuomba uiondoe picha hiyo, na hao uliowatumia uwaambie kwa nini. Usiogope kwamba utaonekana umemtenga ndugu. Tumemfichia ya kutosha. Mama anakwenda kwenye ile mashine kesho kutwa kama kawaida, safari ile ile, na tukipita mbele ya hospitali yetu itabidi asome tena shukrani zake ukutani. Kuna wakati anafumba macho. Anasema ni jua.

Kazi za ofisi ile nimeacha kuzichapa. Nilimwambia msaidizi mashine yangu imeharibika, halafu nikaona huo nao ni uongo wa Chiriku, nikampigia tena nikamwambia mashine ni nzima ila sitaki.

Nimalizie na jambo la jioni ile ya picha, ambalo sijamwambia mtu. Mama alikataa nimfungie mlango. Akajikokota mwenyewe mpaka kizingitini, akashika komeo, akaanza kuita. Akaita jina lako, nikakujibia kwamba yupo, mama, ana kazi ya mbali. Akamwita dada wa kati, akaitika mwenyewe kutoka jikoni. Akamwita Chiriku.

Siku zote mimi ndiye ninayemjibia. Hata wiki ile ya kura nilimjibia, kwa mazoea, meno yakiwa yameumana. Jioni ile mdomo ulikataa. Dada wa kati naye kimya. Mama akasubiri, mkono kwenye komeo, akitutazama sisi mmoja baada ya mwingine, na nilijua anatuomba. Sikuweza, kaka. Nilitaka kumwonea huruma yeye, nikashindwa kwa kumwonea kinyaa yule.

Mama akageukia mlango. Akasema taratibu, "Huyu hayupo." Kisha akaniita mimi, nikaitika, na komeo likaingia.

Chakula chake hatukukifunika.

Nisalimie wifi sana, na mtoto mbusu kwenye fizi zake. Dada wa kati anakusalimu, na anasema ulikosea kuandika salamu yako ya mwisho. Mama anakusalimu kwa kukubariki: uwe na afya, riziki yako isikupite, na neno lako likae pale ulipoliweka. Nasi tunakuombea hayo hayo. Ukiweza, piga simu jioni moja saa ya kufunga mlango, umwitikie mwenyewe. Sauti haimpotei.

Wako akupendaye, asiyejibia tena watu,

mdogo wako, kitinda mimba